Mikono Saba Juu ya Meko

Wameniletea karatasi. Juu ina kichwa cha maneno, chini ni mistari mitupu, eti nijaze mimi, Doreen Bloomer, mwenye miaka themanini na moja na goti bovu: umuhimu wa nyumba namba kumi na moja, Marl Bank, katika urithi wa mji wetu. Wanataka kubandika kibao ukutani. Kabla ya kibao wanataka maelezo, na kabla ya maelezo lazima wanisumbue mimi nikiwa nimeshaweka miguu juu ya kigoda. Shule niliacha nina miaka kumi na minne nikaenda kiwanda cha minyororo, kwa hiyo anayetaka maneno mazuri akayatafute kwingine. Binti aliyeileta ni mpole, ana miwani mikubwa. Nikamwambia, "Mwanangu, muulize Howard." Akasema Howard hataki kuongea. Najua hataki. Angekuwa anataka, mimi ningekuwa nakunywa chai yangu kwa amani.

Haya, naandika. Mistari yao haitatosha, nimechukua daftari. Nikimaliza msiniulize kama ni kweli. Howard Raybould amemuoa Maureen, mtoto wa marehemu dada yangu, na haya yote aliyasema kwa mdomo wake, amekaa kwenye kiti kile cha karibu na jiko. Chai ilipoa mbele yake kwa sababu hakuweza kujua kama kikombe kina moto.

Ilikuwa Novemba ya mwaka themanini na saba, siku ya Jumatatu, asubuhi ya kawaida tu, mvua ya manyunyu na harufu ya makaa. Howard alikuwa mtu wa halmashauri. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na daftari akitazama majengo ya zamani, kisha anaandika lipi liingie kwenye orodha na lipi lisiingie. Jengo likiingia kwenye orodha, hakuna wa kulibomoa. Likiachwa nje, tingatinga linakuja. Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo kwa haki, nampa sifa hiyo bure, maana sina nyingine ya kumpa.

Nyumba namba kumi na moja ungeipita kwa basi usiione. Vyumba viwili chini, viwili juu, choo uani. Matofali rangi ya ini. Ilijengwa enzi za Malkia Victoria, na zilijengwa elfu nyingine kama hiyo, nyingi zimeshageuka vifusi. Yenyewe ilibaki peke yake Marl Bank kwa sababu majirani wote walishauza na nyumba zao kuvunjwa, na aliyezinunua na kuzivunja alikuwa Gareth, mtoto wa pekee wa Howard. Jina lake halikuwa kwenye makaratasi, liliandikwa la mshirika wake. Alitaka kujenga maghorofa, na alikuwa ameweka humo kila alichonacho na asichonacho. Namba kumi na moja ilikaa katikati ya kiwanja kama jino bovu. Ikiingia kwenye orodha, Gareth amekwisha.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Enid Tromans, mjane aliyerudia jina la kwao, ana miaka themanini na nne, mkali kuliko mimi. Ndiye aliyeandika barua halmashauri. Barua yake ilisema nyumba ni ya kawaida, hilo hakatai, lakini waje waone juu ya meko ya jikoni.

Juu ya meko yale kulikuwa na matofali saba yenye mikono.

Sisi tuliozaliwa huku tunajua. Zamani udongo wa Marl Bank ulichimbwa na kufyatuliwa matofali, na waliobeba udongo walikuwa watoto, wengi wasichana, miaka minane, tisa. Mtoto akianza kazi, siku ya kwanza msimamizi alimkamata mkono na kuukandamiza juu ya tofali bichi. Tofali likachomwa, likawekwa rafuni kiwandani. Siku anapoacha kazi, awe ameolewa au amechoka, alipewa tofali lake aende nalo. Tulisema amerudishiwa mkono. Bibi yangu alirudishiwa wake, na mpaka anakufa alikuwa analipasha moto jikoni, analiviringisha kwenye fulana na kulala nalo miguuni. Ninalo hapa. Linazuia mlango.

Wale saba hawakurudishiwa. Siku ya Mtakatifu Klementi, mwezi huo huo wa Novemba, watoto wa huku walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba wapewe matufaha. Mwaka elfu moja mia nane sabini na moja watoto saba wa kiwanda walipita hivyo, wakapata matufaha yao, na kwa kuwa baridi ilikuwa inauma na kwao mbali, wakaingia ndani ya tanuri wakalala nyuma ya matofali yaliyopangwa. Asubuhi msimamizi, jina lake Josiah Tromans, akauziba mlango wa tanuri kwa tofali na chokaa kama siku zote. Hakuchungulia. Akawasha moto.

Kugonga kulisikika siku mbili. Kufungua tanuri katikati ya kuchoma ni kuharibu matofali elfu thelathini. Wenzake walipomuuliza, Josiah alisema ni matofali yanapanuka.

Walipofungua, hakuna aliyetaka kuyanunua matofali ya moto ule. Mwenye kiwanda akampa Josiah yote, ajenge nyumba, akae nayo. Ndiyo hiyo namba kumi na moja. Kutoka rafuni Josiah akachukua mikono ile saba, akaijenga juu ya meko yake. Kwenye vitabu vya kanisa na vya kiwanda wale watoto hawamo, iliandikwa wametoroka. Mahali pekee duniani panaposema kwamba waliishi ni ule ukuta. Huo ndio umuhimu wenyewe, mwanangu wa miwani. Ungeweza kuishia hapa. Lakini ya Howard ni haya.

Wiki moja kabla alikuja, akatazama, akaondoka. Jumatatu ile akarudi saa nne asubuhi. Bi Enid alikuwa mlangoni, kavaa koti, anasubiri gari la hospitali lije limchukue kwenda kutazamwa jicho.

"Leo begi zito," Bi Enid alisema.

"Vifaa vya kupimia, Bi Tromans."

"Wiki iliyopita ulipima kwa kalamu tu."

Howard akacheka kidogo, akaweka begi chini. Lilitoa mlio wa chuma. Kwenye rafu ya juu ya meko, chini ya ile mikono, kulikuwa na matufaha saba yamepangwa mstari.

"Leo ni Klementi," Bi Enid alisema. "Ya wenyewe hayo. Wewe utotoni hukuenda kuimba matufaha?"

"Nilienda. Nilikuwa naimba vibaya, nikapewa vitunguu."

"Basi walikuwa na masikio." Akafunga kitambaa kichwani. "Utaandika nini, Howard?"

"Nitaandika nitakachokiona."

"Yafungue basi hayo macho. Mimi nimezaliwa chumba cha juu hapo. Nataka kutolewa humu mara moja tu, na miguu ikiwa mbele." Honi ikalia nje. "Na matufaha usiyaguse. Najua kwako Maureen anakunyima kifungua kinywa, lakini usiyaguse."

Akaondoka. Howard akasikia gari likiteremka mpaka sauti ikapotea. Nje hakukuwa na kitu ila kiwanja kitupu cha mwanawe na mvua.

Alianza kwa kupima, maana mkono wa mtu hufanya ulichozoea hata roho ikiwa kwingine. Akafungua tepu ya kupimia. Jikoni, ukuta hadi ukuta, futi kumi na mbili kamili. Akaandika. Akakaa kwenye kiti cha Bi Enid, akamimina chai ya chupa aliyofungiwa na Maureen, na kwa kuwa kweli alikuwa hajala, akachukua tufaha moja, la mwisho kushoto. Akalila mpaka kokwa. Aliniambia lilikuwa tamu ajabu, na la moto katikati.

Kisha akafungua begi, akatoa nyundo na patasi.

Alikuwa ameshapanga. Ataifuta mikono, atapaka vumbi na masizi, ataandika ukuta umechakaa, alama hazisomeki. Bi Enid atalalamika, lakini ni neno la bibi kizee mwenye jicho bovu dhidi ya neno la mtaalamu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi labda, vidole vimetanuka. Akapiga. Tofali la kuchoma likipigwa linalia, nalo likalia. Vipande vikaanguka mekoni. Mkono wa pili, kidole gumba kimeegemea pembeni. Akapiga. Likalia.

Wa tatu ulikuwa mdogo kuliko yote. Ungeingia kwenye kiganja chake ukapotea. Akaweka patasi katikati, akapiga.

Halikulia.

Patasi iliingia kama kisu kwenye jibini. Alipoichomoa, ilikuwa na udongo mbichi, unateleza, wa baridi. Tofali la miaka mia moja na kumi na sita.

Akalikwangua harakaharaka, hataki kulitazama, mpaka mkono ukafutika. Akajipangusa kwenye suruali. Akajiambia ni unyevu, mvua imepenya kwenye bomba la moshi. Ndipo aliposikia mlio chumba cha mbele.

Kwaruza. Kimya. Tak, tak.

Howard anaujua mlio huo. Mwiko unakwaruza chokaa, tofali linawekwa, mpini wa mwiko unaligonga likae sawa. Majirani, alifikiri. Kisha akakumbuka hakuna majirani.

Kwaruza. Tak, tak.

Akaenda chumba cha mbele. Hakuna mtu. Mlango wa mbele umefungwa kama Bi Enid alivyouacha. Akaufungua atoke, akavute hewa kidogo, aulize ni fundi gani anajenga kwenye kiwanja kitupu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na ukuta.

Matofali rangi ya ini, kuanzia kizingiti mpaka juu. Chokaa ilikuwa bado mbichi, inachuruzika.

"Gareth?" alisema. Alidhani ni mzaha wa vijana wa kazi. Akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Akaita tena, na sauti yake ikamrudia usoni, kama mtu anayeongea ndani ya debe.

Akakimbilia mlango wa uani. Ukuta. Dirisha la jikoni: akavuta pazia, kioo kipo, na nyuma ya kioo matofali, yamebanana, bila ufa wa kupitisha wembe. Akapanda ngazi. Ngazi za nyumba ile ni kumi na tatu, alizihesabu wiki iliyopita akaandika. Alipanda saba, kichwa chake kikagonga ukuta.

Akateremka. Chumba cha mbele hakikuwepo tena. Mahali pa mlango wake palikuwa pamejengwa.

Ikabaki jikoni.

Mwanga ulikuwepo, hilo ndilo lililomtisha baadaye kila alipolifikiria. Madirisha yote yamezibwa, taa haijawashwa, lakini alikuwa anaona. Mwanga mwekundu kidogo. Ulitoka mekoni, na meko hayakuwa na moto.

Howard ni mtu wa kupima. Wengine wangeomba Mungu. Yeye akachukua tepu. Akaweka ncha kwenye ukuta, akaivuta mpaka ukuta wa pili.

Futi kumi na moja.

Akapima tena. Futi kumi na nusu.

Kwaruza. Tak, tak.

Futi kumi.

Akachukua nyundo akapiga ukuta pale ulipokuwa mlango. Akapiga mpaka mpini ukamchubua. Akapiga kelele, akataja jina lake, akataja halmashauri, akasema kuna mtu humu, jamani, kuna mtu. Kisha akanyamaza asikilize. Na upande wa pili, karibu kabisa, mtu alikohoa. Mwanamume mzee. Mwingine akamuuliza jambo kwa sauti ya chini.

"Ni matofali tu," yule mzee alinong'ona. "Yanapanuka."

Nyayo zikaondoka taratibu.

Hapo Howard akakaa chini. Aliniambia hakulia. Sikumwamini wala sikumbishia. Joto likaanza kupanda. Kwanza sakafuni, akaondoa makalio. Kisha ukutani. Akavua koti, akavua tai, akavua shati. Saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama. Alilala kidogo, akaamka, akalala. Alikunywa chai yote. Aligonga mpaka ngumi zikavimba, akapumzika, akagonga tena. Alisikia njaa, na njaa ikapita. Alipojishika kidevu, ndevu zilikuwa zimeota.

Futi sita.

Futi tano.

Kiti cha Bi Enid kilivunjika kwa kubanwa. Meza ilikuwa imeshavunjika.

Futi tatu. Mgongo wake uligusa ukuta mmoja, kifua kikawa kinaelekea meko. Uso wake ulikuwa sawa kabisa na ile rafu. Akaona matufaha. Yalibaki sita, kama alivyoyaacha, na kila moja lilikuwa limeng'atwa. Alama ya meno madogo. Mengine yana pengo mbele, pale mtoto anapong'oka meno ya kwanza.

Kitu kikakohoa karibu na goti lake.

Hakutazama chini. Mpaka leo anashukuru kwamba hakutazama chini.

"Nimekosea," alinong'ona. "Nitaandika ukweli. Nawaapia. Nitaandika majina, nitaandika kila kitu, nyumba itaingia kwenye orodha."

Joto. Kisha sauti ndogo, kavu, ya mtu mwenye vumbi kooni:

"Sisi hatujui kusoma."

Ukuta ukamsogelea tena mgongoni. Pumzi ikamkatika nusu.

"Mnataka nini?"

Palepale mbele ya macho yake, kwenye lile tofali la kwanza alilolifuta, uso wa tofali ukalainika. Ukang'aa. Ukawa udongo mbichi, umesawazishwa vizuri kwa kibao, unasubiri, na Howard akaelewa unasubiri nini.

Vidole vidogo vikamshika kifundo cha mkono wa kulia. Havikuwa na nguvu nyingi. Vilimwongoza tu, kama unavyomwongoza mgeni siku ya kwanza kazini.

Akaukandamiza mkono.

Ulikuwa udongo wa baridi. Kisha vuguvugu. Kisha moto. Kisha moto ambao hana maneno nao, na hakuweza kuutoa. Mkono ulikuwa umeshikwa ndani, vidole vyote vitano, na harufu aliyoisikia ilikuwa ya jikoni Jumapili, nyama inapookwa, nanyi mtanisamehe. Alipiga kelele. Huko nje mtu akasema yanapanuka.

Mlango ukafunguliwa.

Bi Enid alikuwa amesimama pale na funguo mkononi, mvua nyuma yake, kiwanja kitupu, tingatinga la Gareth kwa mbali. Jiko lilikuwa pana. Kiti kipo, meza ipo. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro robo.

"Daktari anaumwa, wametugeuza njiani," alisema. Akamtazama Howard alivyo, kifua wazi, midomo imepasuka, ndevu za siku mbili kwenye uso alionyoa asubuhi ile. "Nimetoka dakika arobaini. Umekula tufaha."

Howard alikuwa ameinua mkono wa kulia mbele ya uso wake. Haukuwa na lengelenge hata moja. Ila kiganja kilikuwa laini kama sahani. Mistari yote imeondoka, alama za vidole zimeondoka, na kovu la msumeno alilolipata ujanani, lile la chini ya kidole gumba, limeondoka nalo.

Kovu lilikuwa ukutani. Kwenye tofali la kwanza kushoto kulikuwa na mkono mkubwa wa mwanamume, umechomwa mgumu, umezeeka kama wenzake, na chini ya kidole gumba mkwaruzo wa kovu. Bi Enid aliuwekea kiganja. Ulikuwa na joto.

Kisha akahesabu kwa kidole, taratibu, kwa lile jicho lake zima.

"Wanne wamebaki. Na wewe mmoja. Umefuta watatu, Howard. Wamechukua mmoja."

"Nimeshatoka," Howard alinong'ona.

"Umetoka. Mkono mwingine unao. Na wa tatu je? Wa tatu utatoka kwa nani?" Akaokota kokwa la tufaha mezani, akalitupa mekoni. "Babu yangu mkubwa aliwaziba kwa kutochungulia. Wewe umewachungulia kabisa, ukawaziba. Na ulifanya kwa ajili ya mtu. Unadhani hatujui kiwanja ni cha nani? Nenda kamwambie mwanao."

Nyumba ikaingia kwenye orodha majira ya kuchipua. Ripoti ya Howard ndiyo hiyo hiyo mnayoisoma leo pale maktaba, ndefu, nzuri, kila neno kweli, isipokuwa pale alipoandika mikono saba ya watoto. Kamati ilimpigia makofi. Gareth alikuja nyumbani kwake jioni moja, hakuvua koti. "Nyumba ya matofali ya ini, baba," alimwambia. "Umenizika kwa ajili ya nyumba ya matofali ya ini." Ingekuwa mimi, ningemwambia palepale. Howard alimwambia, "Kazi ni kazi, mwanangu." Aliona aibu, na aibu ya mwanamume huyo imemgharimu kuliko uovu wake.

Novemba iliyofuata alimchukua Maureen wakaenda pwani ya Wales, kwenye hoteli ndogo, mbali kadiri gari lao lilivyoweza. Asubuhi ya Klementi, saa nne na dakika zake, Maureen alimsikia akipiga kelele bafuni. Alimkuta amesimama, mkono wa kushoto umebandikwa kwenye vigae vya ukuta, vya kawaida, vya hoteli, vya baridi. Alipoung'oa, kiganja kilikuwa sahani. Bi Enid alinipigia simu mimi jioni hiyo. "Mwambie mkweo mkono wake umeshafika," alisema. "Tofali la pili."

Tangu hapo mikono yake yote miwili haihisi kitu. Maji ya moto, barafu, shavu la Maureen, yote kwake ni mamoja. Ndio mwaka alipokuja kukaa kwenye kiti hicho na kunimwagia haya. Nikamuuliza swali moja tu: "Umemwambia Gareth?" Akasema atamwambia. Akasema labda imeisha, maana yeye hana mkono mwingine.

Desemba ya mwaka wa tatu tulimzika Bi Enid. Alitolewa alivyotaka, mara moja, miguu mbele. Baada ya kanisa tulikula keki ukumbini, na Gareth akaingia, mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuja msiba ule. Alivaa glavu mkono mmoja, wa kulia. Hakuivua kwa chai. Hakuivua kwa keki. Alimfuata baba yake kwenye kona karibu na makoti, nami nilikuwa nimekaa nyuma ya makoti hayo napumzisha goti, na sitajifanya kwamba sikusikiliza.

Gareth akavua glavu.

"Ulikuwa unajua?" alinong'ona.

Howard alikitazama kiganja kile, laini kama sahani. Hakusema kitu. Na mtoto anajua baba yake akinyamaza maana yake nini. Gareth akavaa glavu yake, akaondoka, na mpaka leo ninapoandika hajakanyaga mlangoni kwa Howard, wala hajampa mkono, wala hamruhusu mjukuu amshike.

Tofali la tatu mtaliona mkienda. Si dogo tena. Kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje, kama alivyokivunja Gareth kwenye mpira akiwa na miaka kumi na mmoja, na Howard mwenyewe ndiye aliyemfunga kijiti siku hiyo.

Funguo anazo Howard, mlimpa nyinyi wenyewe mnaotaka kibao, kwa kuwa ndiye anayeijua nyumba. Kila Klementi anapeleka matufaha saba na hali hata moja. Siku nyingine pia huenda, Maureen ananiambia, mara mbili tatu kwa wiki, anakaa mle jikoni bila kuwasha kitu. Mikono yake haihisi chochote duniani, isipokuwa pale. Anainuka, anaweka kiganja chake kisicho na alama juu ya tofali la tatu, na lina joto. Ndio mkono pekee wa Gareth anaoruhusiwa kuushika.